Mikono Kumi na Sita

Karani Tek hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu amekuja na mchele kiasi gani. Mchele aliuona mwenyewe juu ya mkokoteni. Kalamu ikiwa sikioni, aliuliza jambo moja tu.

"Mikono mingapi?"

Kila aliyeteremka mtoni mwezi wa Januari kutengeneza prahok ya mwaka mzima, kitoweo cha samaki wa kuchachushwa kwa chumvi mtungini, alilijua swali hilo. Mkono mmoja, kilo ishirini za samaki kwa siku. Mwanamke mmoja, kilo arobaini. Mikono ya wanaume haikuhesabiwa, kwa sababu mwanamume hakati vichwa vya samaki. Yeye huchota maji, hukanyaga samaki kwenye matenga majini mpaka magamba na mafuta yatoke, halafu hubeba mitungi. Tajiri mwenye nyavu aliiweka sheria hiyo baada ya mwaka mmoja watu walipobeba kwa tamaa, wakashindwa, wakaacha samaki wakiozea ukingoni hata mbwa wakapahama.

"Kumi na sita," Sarun alijibu.

Tek aliitoa kalamu sikioni lakini hakuandika. "Jana ulikuwa na sita, kaka. Mkeo, mkweo, binti yako. Umeoa usiku?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Sarun naye akacheka, akanyoosha kidole kule juu, kwenye mkokoteni wake. Wanawake watano walikuwa wamechuchumaa pamoja na mkewe, wanakunywa uji. "Ndugu za mke wangu. Wamefika alfajiri."

Hawakuwa ndugu. Walikuwa watu wa mkokoteni wa jirani, kutoka wilaya nyingine kabisa, na walikuwa wamekuja kuomba moto. Tek aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika.

Bei ilikuwa imeanguka asubuhi ile. Jana gunia la mchele lilitoa kilo mia na ishirini, leo mia na sitini. Kesho mwezi ungejaa, na mwezi ukishajaa samaki hawa wadogo wa urefu wa kidole hutoweka mtoni, na aliyekosa amekosa mpaka mwakani. Sarun alikuwa amebakiwa na magunia mawili, nayo yalikuwa ya kununulia mbolea. Mkewe alijua hivyo, mkwewe alijua hivyo, hata binti alijua. Aliyashusha yote mawili.

*

Bibi Nget, mama mkwe, macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na kivuli tu. Alisikia samaki wakimwagwa juu ya turubai, akangoja waishe. Hawakuisha. Akanyoosha mkono, mkono ukazama kwenye samaki mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ni nini, Sarun?"

"Samaki, Mama."

"Nasikia ni samaki. Nimekuuliza ni nini."

"Kilo mia tatu na ishirini."

Yem, mkewe, aliacha kuosha bakuli. Rany, binti yao wa miaka kumi na minane, alimtazama mama yake, kisha akatazama gurudumu la mkokoteni. Yale magunia mawili hayakuwepo.

"Mbolea je?" Yem aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mbolea hailiwi."

"Wala mpunga usiokua hauliwi," alisema Bibi Nget. "Nani amekutuma, mwanangu?"

"Bakuli limenituma, Mama."

Mwaka uliopita mtungi wao uliisha mwezi wa nane. Nyumba isiyo na prahok si nyumba. Utakula wali na nini? Yem alikwenda kwa jirani kuazima bakuli moja, akapewa. Siku ya harusi ya mtoto wa mkuu wa kijiji, mbele ya meza tatu za watu, yule jirani aliuliza kwa sauti ya kutia huruma kama lile bakuli lake bado lipo, maana si prahok anayoililia, ni bakuli. Tangu siku hiyo Bibi Nget alikuwa na usemi wake. Kila Sarun alipochelewa shambani au alipokaa na wenzake kunywa, bibi alisema, "Mwacheni. Bakuli la watu lipo." Sarun alikuwa mkwe anayeishi nyumbani kwa mke. Ngazi aliyopanda kila siku kuingia ndani ilikuwa ya mama mkwe wake.

"Sasa tutakuwa na mitungi mitano," alisema. "Mmoja tutauza. Mbolea itatoka humo."

"Tutakuwa na mitungi mitano tukiwa na mikono," alisema Bibi Nget. "Samaki hawana haraka, jua ndilo lenye haraka. Hesabu mikono, usihesabu samaki. Hukufundishwa kwenu?"

"Kwetu wanawake walikuwa wanakata, hawasemi."

Yem alicheka kidogo ili ule mdomo usije ukawa ugomvi. Alichukua kisu chake kipana na kipande cha gogo, akakaa. "Tukate," alisema. "Tukisema, watazidi kulainika."

*

Kichwa cha samaki yule hukatwa kwa mshazari. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinateremka kidogo kuelekea tumboni, halafu kidole gumba kinavuta. Kichwa kinatoka na matumbo yake na nyongo yake, vyote pamoja. Ukikata wima, nyongo inapasuka ndani na mtungi wote unakuwa mchungu. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unakata, na wa kushoto tayari umeshachukua mwingine. Aliyezoea hatazami. Bibi Nget hakuwa anatazama kwa miaka sita sasa, na bado hakuna aliyemshinda ila mjukuu wake.

Yem leo alikuwa nyuma yao wote wawili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo.

"Mama, mbona umejifunga?" Rany aliuliza.

"Wanateleza."

Jana jioni, kwenye tenga la mwisho, kambale mdogo aliyechanganyika na wale wengine alimchoma chini ya kidole gumba. Mwiba uliingia wote. Aliunyonya, akatema, akafunga. Usiku mkono ulimpiga kama una moyo wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Mwenye jeraha hagusi samaki wa prahok, mtungi utaingia funza. Ndivyo wanavyosema, na Bibi Nget ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Angeondolewa. Jana isingekuwa neno, samaki walikuwa wanaisha. Leo asubuhi alipanga aseme. Sarun akaja na samaki wa magunia mawili ya mchele.

Ukiondoa mikono miwili kwenye sita, inabaki minne. Hiyo hesabu aliijua bila kalamu.

Jua lilipopanda juu ya miti ya ng'ambo, Bibi Nget alisimamisha kisu. Aliinua uso, akageuza pua upande huu, akageuza upande ule. Pua hiyo kijijini iliitwa mizani. Watu walimletea mitungi yao ainuse, na mtungi aliousema utaharibika, uliharibika, hata kama ulikuwa mzuri kwa wiki tatu nyingine.

"Kuna kilichooza hapa," alisema.

"Samaki wazima, Bibi," alisema Rany. "Hata macho yao yanang'aa."

Bibi alichukua samaki mmoja kwenye lundo, akanusa. Akachukua mwingine wa chini kabisa, akanusa. Kisha aligeuka taratibu upande aliokaa Yem, akatulia hivyo kwa muda. Yem alikata samaki watatu haraka haraka, kisu kikigonga gogo.

"Labda ni upepo," alisema Bibi Nget. Akainama, akaendelea kukata.

*

Naret, kiongozi wa wale wanawake watano, alikuja na kisu chake kwapani. Walikuwa wamebakiza tenga moja tu la kwao. Alikuwa mnene, mcheshi, na sauti yake ilimtangulia.

"Jamani, shemeji! Hawa samaki ni wa kula au ni wa kujenga nyumba?"

"Ni wa kula," alisema Sarun, akiwa ndani ya tenga mpaka magotini, anakanyaga.

"Mtawala mwaka gani? Sikiliza. Sisi tunamaliza sasa hivi. Tupe theluthi, tunakaa na dada hapa, saa nane umeshapiga chumvi. Na vichwa tunachukua, tuchemshe mafuta."

Yem aliinua uso kumtazama mumewe. Rany naye alimtazama.

"Theluthi ni mtungi mzima na nusu," alisema Sarun.

"Na theluthi mbili ni mitatu na nusu. Ukikataa, utakuwa na mitano ya funza."

"Robo."

"Robo wape bata. Dada Yem, mwambie mumeo."

"Sarun," alisema Yem.

"Nimesema robo."

Naret alicheka, akapiga paja. "Haya. Nikimaliza la kwetu nitapita tena. Lakini jua nalo linapandisha bei, shemeji, si mimi." Na pengine angepita tena na wangekubaliana kwenye theluthi, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini Karani Tek alikuwa anapita ukingoni na kitabu chake, akawaona.

"Nyie mikono ya Sarun!" aliita. "Mbona mmoja anazurura? Nimewaandikia kilo mia mbili nyinyi watano. Mkiniachia uozo hapa nitamshika mwenyeji wenu!"

"Mikono ya nani?" Naret aliuliza.

"Si ndugu za mkewe nyinyi? Mmefika alfajiri."

Naret aligeuka. Alimtazama Sarun ndani ya tenga. Miguu ya Sarun ilikuwa imesimama. Yem aliweka kisu chini. Yeye naye ndiyo kwanza anasikia.

"Kumbe," alisema Naret. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni. "Tulipokuja kuomba moto, tulikuwa tunahesabiwa. Uliuza mikono yangu, kaka, na hukuniuliza hata jina."

"Nilitaka tu..."

"Ungeniomba asubuhi, wallahi ningekukatia hata bure, nikale wali wako tukacheka. Umeniuza kwanza, sasa unataka kupunguziwa."

Alirudi kwenye mkokoteni wake. Tek alifunga kitabu. Alimtazama Sarun, akasema polepole, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusimama, "Mwakani nitakuja kuwapapasa mmoja mmoja." Watu wakacheka tena. Safari hii Sarun hakucheka.

*

Saa sita lundo lilikuwa halijafika hata nusu. Walilifunika kwa magugu maji, wakamwagia maji, lakini joto lilikuwa linatoka ndani yake, si juani tu. Samaki wa katikati walikuwa wameanza kulegea. Rany alikata bila kuinua kichwa, jasho likimdondoka puani. Yem alikuwa ameacha kushika samaki kwa vidole. Aliwabana chini ya kiganja kama anayebana kitu asichokiona. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Nenda kamwombe Naret," alisema Bibi Nget.

"Mama, umesikia alivyonisema."

"Nimesikia. Masikio ninayo. Nenda."

Sarun alikwenda. Mkokoteni wa Naret ulikuwa umeshapakiwa, ng'ombe wamefungwa. Alisimama mbele ya wale wanawake watano, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nusu," alisema. "Nawapa nusu."

Naret aliteremka naye mpaka kwenye lundo, akafukua, akatoa samaki mmoja wa katikati, akambonyeza tumboni kwa kidole gumba. Tumbo likapasuka, maji ya rangi ya chai yakamtoka.

"Nusu ya nini?" aliuliza.

Alimtupa samaki, akanawa mkono. Alipokuwa anainuka alimwona Yem karibu, akaona kile kitambaa, na vidole vilivyotoka juu yake vimevimba na kung'aa. Aliinama kana kwamba anatafuta kitu.

"Dada, huo mkono."

"Nyamaza," Yem alinong'ona.

"Ni mwiba wa kambale? Dada, mjomba wangu alikufa kwa huo. Kuna zahanati pale sokoni, nikupakie."

"Jua likizama nitakwenda."

"Jua likizama utakuwa umechelewa."

"Wamebaki mia mbili na hamsini. Nikiinuka, wamekwisha. Dada Naret, nakuomba. Nenda salama."

Naret aliinuka. Alitazama yule bibi kipofu aliyekuwa anakata hatua mbili kutoka pale, kisu kikienda kwa mwendo ule ule, tak, tak, tak, na kikakosa pigo moja tu. Akaenda. Mkokoteni wake ulipoanza kupanda ukingo aligeuka mara mbili.

*

Basi Sarun alikaa.

Alichukua kisu cha akiba, akavuta gogo, akakaa chini kati ya binti yake na mkwewe, miguu amekunja upande kama wanavyokaa wanawake. Haikupita dakika tano.

"Njooni muone! Sarun amevaa sketi!"

"Shangazi Sarun, sitakusumbua, mtoto wako analia anataka nyonyo!"

"Mpunguzieni jamani, ndiyo ule mkono wa kumi na saba!"

Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka nyuma ya masikio. Alikata wima. Nyongo ilipasuka, ikamchafua kidole.

"Mshazari," alisema Rany polepole. "Baba, lalisha kisu."

Alilalisha. Akakata tena, akajikata yeye.

"Mama, wananicheka," alisema bila kumtazama mkwewe.

"Kata," alisema Bibi Nget. "Vicheko havijazi mtungi, na wala haviumalizi. Kata."

Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu ile harusi kuongea naye bila kutaja bakuli. Sarun alikata. Kufika saa tisa alikuwa anatoa samaki mmoja pale Rany alipotoa wanne, lakini alikuwa anatoa. Waliocheka walichoka, wakarudi kwenye kazi zao. Walitengeneza lundo la pili pembeni, la wale waliolainika sana, na hilo la pili lilikua kwa kasi kuliko matenga.

Yem alisema yeye aingie kwenye tenga kukanyaga, ili Sarun asiache kukata. Alipandisha sarong yake, nguo ya kiunoni, akaingia majini. Maji yalikuwa ya baridi na alitetemeka, meno yakigongana, katikati ya jua la saa tisa. Alikanyaga samaki, mkono wa kushoto akiuinua kifuani kama anayeapa. Alikanyaga matenga mawili. La tatu aliliingia, akasimama, akatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaenda chini.

Rany ndiye aliyefika kwanza. Alimshika mama yake kwapani, akamvuta. Kitambaa kilifunguka majini, kikaelea. Mkono ulikuwa mweusi chini ya kidole gumba, na kutoka hapo mstari mwekundu ulipanda kwa ndani ya mkono, ukapita kwenye kiwiko, ukaingia kwenye mkono wa blauzi.

"Baba!"

Sarun alitupa kisu. Alipouona ule mkono alitoa sauti ambayo hakuna mtu ukingoni aliyeicheka.

"Tangu lini? Yem! Tangu lini?"

"Jana," alisema Yem. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwona. "Wamebaki wangapi?"

Kijana mwenye pikipiki alikubali kuwapeleka mpaka hospitali ya mkoa kwa riel elfu ishirini. Sarun alimweka Yem katikati. Hakuwa na elfu ishirini. Mwenye bata alikuwa anapita kama apitavyo kila alasiri, akinunua uozo kwa kulisha bata wake, riel mia kwa kilo. Rany alimwonyesha lundo, lile la pili na lile la kwanza, yote pamoja.

"Hawa bado wengine wazima," alisema mwenye bata, mtu mwaminifu.

"Pima," alisema Rany.

Zilikuwa kilo mia na tisini. Elfu kumi na tisa. Mwenye pikipiki alizihesabu, akatazama ule mkono, akasamehe elfu moja.

*

Ng'ombe mmoja aliuzwa, akalipia kitanda na dawa. Daktari alikata mara mbili. Kwanza alitoa kidole gumba na nyama iliyokufa, akafunga, akasema tutazame. Siku ya nne alikata mkono kwenye kifundo.

Bibi Nget aliletwa siku ya sita. Rany alikuwa amebaki mtoni siku mbili peke yake na bibi yake, wakapiga chumvi kile kilichopatikana, wakakianika, wakatwanga, wakajaza mitungi mitatu na kidogo. Bibi aliketishwa kwenye kiti kando ya kitanda. Sarun alikuwa amesimama dirishani.

"Wamekuwa mitungi mitatu," alisema bibi. "Mizuri. Nimeinusa."

"Vizuri, Mama," alisema Yem.

"Umekula?"

"Nimekula uji."

Bibi alipapasa shuka. Alipata paja, akapata tumbo, akapata mkono wa kulia, akaushika, akaupita. Alipofika kwenye bandeji alisimama.

"Asubuhi ile," alisema, "nilisema kuna kilichooza."

"Nilisikia, Mama."

"Nikanusa samaki, walikuwa wazima." Aliipapasa bandeji. "Mimi najua samaki aliyeoza ananukaje, na najua mtu ananukaje. Baba yako alikuwa na kidonda cha mguu miaka miwili. Nilikujua, Yem. Nilikujua saa ile ile."

Sarun aligeuka kutoka dirishani.

"Nilisema moyoni, akate kidogo. Afike saa sita. Saa sita ilipofika nikasema, huyu mnene atamwambia. Akakwambia, nami nilisikia, nikashukuru ulipokataa." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayetoa hesabu ya chumvi. "Sarun alisema uongo kwa karani. Watu wote wanamjua. Mimi sikusema uongo. Nilinyamaza tu."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa. Sarun alifungua mdomo, na maneno ya kumlaumu mkwewe, ambayo mwaka mzima angeyalipia ng'ombe ili ayapate, hayakutoka. Yem aliutazama uso wa mama yake. Halafu alisema, "Hata mimi nilinyamaza, Mama," na akageukia ukutani, na siku ile hakugeuka tena.

*

Mwaka uliofuata walikuja mtoni na mkokoteni wa kuazima. Walikuwa na gunia moja la mchele na nusu gunia la chumvi. Mpunga usio na mbolea ulikuwa umetoa ulichotoa. Karani Tek alikuwa pale pale, kalamu sikioni, amenenepa kidogo.

"Mikono mingapi?"

Sarun alifika mbele ya meza na swali likamkuta hana sauti. Foleni ilisubiri. Wapo waliomkumbuka, mmoja nyuma alisema, "Kumi na sita," na wengine wakakohoa kicheko.

"Saba," alisema Yem, nyuma ya mumewe.

Tek alitabasamu. "Dada, mikono huja miwili miwili. Saba umeipata wapi? Mama yako, binti, wewe. Sita."

"Mume wangu anakata. Minane."

"Haya, minane basi."

"Toa mmoja," alisema Yem, akakunja mkono wa blauzi.

Tek aliona. Tabasamu lilibaki usoni kwake muda kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, kisha akainamisha kichwa akaandika, na alipoandika alikosea, akafuta, akaandika tena. Yule wa nyuma hakukohoa.

Walipewa kilo mia na arobaini. Sarun aliwamwaga kwenye turubai, akavuta gogo lake, akakaa chini bila kutazama ni nani anayetazama. Yem aliweka ubao wenye msumari aliotengenezewa, wa kumchomea samaki asiende. Rany alinoa visu. Walikuwa tayari kuanza.

"Ngojeni," alisema Bibi Nget.

Mwanga nao ulikuwa umemtoka sasa, kilichobaki ni giza tupu. Alinyoosha mkono hewani, na Rany akampa wake. Bibi aliuvuta mpaka puani, akaunusa kiganja, akaunusa katikati ya vidole, akauachia, akaomba wa pili. Akanusa na huo. Akanyoosha upande wa mkwewe. Sarun alisitasita, kisha akampa yote miwili pamoja. Bibi alivinusa vidole kimoja kimoja.

Halafu akamgeukia binti yake. Yem alimpa wa kulia. Bibi aliunusa kwa muda kuliko mingine yote, akaushusha taratibu kwenye paja la Yem. Bado mkono wake mwenyewe ulikuwa hewani, umefunguka, unangoja.

Yem aliutazama. Samaki walikuwa wanarukaruka kwenye turubai, jua lilikuwa linapanda. Kisha alinyoosha na ule mwingine, ule usiokuwepo, akauweka kwenye kiganja cha mama yake. Bibi aliinama, akanusa pale ulipoishia.

"Haya," alisema. "Kateni."